Kakangu alipewa fidia na mahakama miaka mitatu iliyopita, hadi leo hajaona senti. Nani husimamia malipo haya?

MamaMbaazi wa Likoni

Assalaam aleikum wanajukwaa, na wasio Waislamu nawaamkua pia. Nimeona humu maswali ya mashamba na ya mirathi yakijibiwa kwa utulivu, basi nami naleta langu. Litakuwa refu, mnivumilie.

Kakangu alikamatwa tarehe 10 Machi 2009. Alikuwa tanboi wa malori ya kontena, umri miaka 26, mkewe ana mimba ya miezi mitano. Duka moja upande wa kisiwani lilikuwa limevamiwa usiku kwa mapanga. Shahidi mmoja alimgusa bega kwenye gwaride la utambulisho, na kwa mguso ule mmoja akahukumiwa kifo, maana wizi wa mabavu sheria yake ndivyo ilivyoandikwa. Rufani ya kwanza ikaanguka. Mwaka 2016 Rais alipobadilisha hukumu za kifo kuwa kifungo cha maisha, naye alikuwa mmoja wa wale 2,747. Mamangu siku hiyo alichinja kuku. Tulikuwa tumefika mahali ambapo kifungo cha maisha ni habari ya kuchinjia kuku.

Mahakama ya Rufani ilimwachilia Ijumaa, tarehe 22 Novemba 2019. Kilichomtoa ni ukurasa mmoja wa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Shahidi yule yule, asubuhi ya pili yake, alikuwa ameandikisha kwa polisi kwamba hakumtambua mtu yeyote kwa sababu taa zilizimwa. Ukurasa ule haukuletwa kortini kesi iliposikizwa mara ya kwanza. Kituo sitakitaja, wala sina haja ya kukitaja.

Nilihesabu siku zake zote za ndani kwa kalenda, mwaka kwa mwaka, nikazipata 3,909. Mwanawe alizaliwa, akatahiriwa, akaingia darasa la tano. Mkewe aliolewa kwengine mwaka wa nne, na hatumlaumu.

Mwaka 2020 tulifungua ombi la kikatiba Mahakama Kuu hapa Mombasa. Julai 2022 jaji akasema haki zake zilivunjwa, akampa Sh4.5 milioni pamoja na riba na gharama za kesi. Niliigawa ile pesa kwa zile siku: Sh1,151 kwa siku moja. Sitaki mjadala wa kama ni kidogo au ni nyingi. Hiyo ndiyo aliyopewa, na hiyo hiyo hatujaiona. Bajeti ya 2023 imesomwa, ya 2024 imesomwa, ya 2025 imesomwa. Nikimpigia wakili wetu hunijibu maneno yale yale: cheti kimeshakwenda Nairobi, serikali haina pesa, tusubiri. Mamangu alisubiri hadi Ramadhani ya mwaka jana, akatangulia mbele ya haki.

Sasa mwezi uliopita akaja mtu nyumbani, kaletwa na binamu yetu. Shati jeupe, simu mbili. Anasema ana watu wake wizarani, faili letu yuaweza kulitoa chini kulileta juu kwa wiki sita. Yeye anataka asilimia 30 pesa zikitoka, na Sh50,000 sasa hivi za "kuamsha faili". Binamu yetu ameshaanza kuuliza nani ana mbuzi wa kuuza.

Wazee wa ukoo nao walikaa Jumapili, wakakata shauri kwamba pesa zikija ziingie kwenye akaunti yangu mimi, nizisimamie, kwa sababu kakangu "hajakaa sawa bado". Ni kweli hajakaa sawa. Akifika mlangoni husimama, hungoja mtu amfungulie. Lakini kwenye kile kikao alikuwepo, na hakuna aliyemgeukia kumuuliza. Mimi nauza mahamri na mbaazi hapa karibu na feri, natoka saa kumi za alfajiri. Sina elimu ya sheria. Nilicho nacho ni daftari kubwa nililoanza kuandika tangu 2009: nauli ya kwenda gereza la Shimo la Tewa, fotokopi, stempu, pesa za wakili tarehe kwa tarehe.

Ninayouliza ni haya. Kuna ofisi yoyote Kenya ambayo kazi yake ni kuhakikisha mtu aliyefungwa bure na akapewa fidia, analipwa? Faili liko wapi na nitalijuaje? Na pesa zikitoka, zinapita mikono ya nani kabla ya kufika kwa mwenyewe? Mwenye kujua kwa hakika anisaidie. Dua peke yake ninazo za kutosha.

KaraniMstaafu

Wa aleikum salaam mwanangu. Nimefanya kazi masjala za mahakama miaka 31, masjala mbili za mwisho hapa Mombasa, sasa niko Tudor nafuga kuku. Nitakujibu kwa mpango wangu mwenyewe.

Ofisi uliyoiuliza haipo. Kenya haina sheria maalumu ya kumlipa mtu aliyehukumiwa kimakosa. Tulijiunga na ule Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972, na kifungu chake cha 14(6) kinasema mtu wa namna hiyo alipwe kwa mujibu wa sheria, na Katiba yetu kifungu cha 2(6) inasema mikataba tuliyoridhia ni sehemu ya sheria zetu. Lakini sheria yenyewe ya kusema alipwe kiasi gani, na nani, na kwa muda gani, haikutungwa. Ndiyo maana mlilazimika kwenda kwa kifungu cha 22 na cha 23 cha Katiba kama mlivyokwenda. Wengine hufungua kesi ya kushitakiwa kwa nia mbaya, na hiyo mlango wake ni mwembamba: miezi 12 tu, na lazima uthibitishe ile nia mbaya. Kuna watu wanadhani Bodi ya Kuwalinda Waathiriwa iliyowekwa na sheria ya 2014 inahusika. Ile ni ya waathiriwa wa uhalifu.

Sasa faili. Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wengi hupotea.

Mtu akikushinda wewe au mimi kortini, huleta dalali akabeba makochi. Serikali haibebwi makochi. Sheria ya Mashauri ya Serikali, kifungu cha 21(4), inakataza kukamata mali yake. Badala yake kuna karatasi moja, cheti cha amri. Huombwa masjala baada ya siku 21 tangu hukumu, hutolewa na mahakama, hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu. Cheti kile ndicho kinachomfunga ofisa mhasibu wa idara inayohusika, mara nyingi ni Katibu wa Wizara, kwamba alipe. Asipolipa, unaandika barua ya kudai, kisha unarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha, ile mawakili huiita mandamasi. Akiipuuza hiyo, unamshitaki kwa kudharau mahakama, yeye kwa jina lake. Nimeona makatibu waliosema hawana pesa wakazipata wiki ambayo jaji aliwaita wafike wenyewe.

Kwa hiyo swali la kumuuliza wakili wako si "pesa zitatoka lini". Muulize: cheti kina tarehe gani, kilipokewa na nani, naomba nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Dakika tano tu, karatasi iko au haiko. Na usimsubiri yeye. Faili la kakako ni lake. Yeye mwenyewe, na kitambulisho chake na nambari ya kesi, anaweza kwenda masjala akaomba kulisoma. Kuna ada ndogo, mpewe risiti.

Jambo moja linanitia wasiwasi katika maelezo yako. Umesema jaji alitoa na gharama za kesi. Je, bili ya gharama ilikwishakadiriwa na Naibu Msajili? Nijibu hilo kabla sijaendelea.

Huyo wa simu mbili mfukuze. Sheria ya Hongo ya 2016 humshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Kakako ametoka ndani kwa jasho, asirudishwe kwa Sh50,000.

MamaMbaazi wa Likoni

Shukran sana ami, Mungu akuzidishie umri. Bili ya gharama sijui ni nini. Nimetazama daftari, Septemba 2022 nimeandika: "wakili, bili, 15,000". Baada ya hapo neno bili halimo tena.

Yule mtu nimemwambia asije. Binamu amenuna.

MzaliwaWaKibokoni

Dada, pole sana, na pole kwa msiba wa mama. Mimi niko Uingereza, mji wa Leicester, mwaka wa 19 sasa. Sikujibu swali lako la Mombasa maana ami amekujibu, ila neno lako "nani husimamia" limenigusa kwa kuwa huku nimelishuhudia likiulizwa na taifa zima.

Labda mmesikia habari za posta. Huku posta nyingi za mtaani huendeshwa na watu wa kawaida, mwenye duka anauza maziwa huku anauza stempu. Wamo Wahindi wengi, na wapo waliotoka kwetu Afrika Mashariki. Posta iliwawekea programu ya hesabu iitwayo Horizon, ya kampuni ya Fujitsu. Programu ikawa inaonyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 wakahukumiwa kwa wizi na ulaghai, wengi wao wakishitakiwa na Posta yenyewe. Wapo waliofungwa, wapo waliouza nyumba, wapo waliojiua. Mwezi Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo, na fidia ikapangwa: aliyefutiwa hukumu anaweza kuchukua pauni 600,000 akamaliza, au achague hesabu yake ikaguliwe moja moja. Na kabla hajachagua, anapewa pauni 200,000 za mwanzo ili asife njaa akisubiri.

Ninachotaka ukione ni kitu kingine. Kuna bodi ya ushauri, watu wanne tu, mwenyekiti wake ni profesa wa sheria, Christopher Hodges, na ndani yake wamo wabunge wawili wa zamani waliowapigania wale watu miaka mingi wakati hakuna aliyewasikiliza, James Arbuthnot na Kevan Jones. Bodi haigawi pesa. Kazi yake ni kutazama wanaogawa. Wanakutana, wanawauliza maofisa kwa nini watu kadhaa bado, na mihutasari ya vikao inawekwa hadharani. Wizara nayo hutoa takwimu kila mwezi: waliodai wangapi, waliolipwa wangapi, kiasi gani. Nikiwa kwenye basi naweza kusoma. Na pamoja na hayo yote, bado jaji mstaafu Sir Wyn Williams, kwenye ripoti yake ya uchunguzi wa kashfa hii ya Julai 2025, amelaumu ucheleweshaji, na wapo waliokufa kabla ya kulipwa.

Na hao ni waliobahatika kuwa wengi. Aliye peke yake huku hupata tabu kama ya kakako. Andrew Malkinson alikaa gerezani miaka 17 kwa kosa la ubakaji ambalo hakulifanya. Hukumu yake ilifutwa Julai 2023. Hapo akakuta kwamba sheria ya fidia ilikuwa inaruhusu serikali kumkata mtu gharama za kula na kulala gerezani. Wananchi walipandwa na hasira, na kanuni ile ikaondolewa mwezi uliofuata. Ningekwambia niliposoma hilo mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya.

Japani wao wana hesabu ya sheria ya siku kwa siku, kama uliyoifanya wewe kwenye daftari. Iwao Hakamada alihukumiwa kifo mwaka 1968, akatangazwa hana hatia Septemba 2024 akiwa mzee wa miaka 88. Machi 2025 mahakama ikaamuru alipwe yeni 12,500 kwa kila siku, ndicho kiwango cha juu kabisa, jumla yeni milioni 217. Nusu mwaka baina ya kutangazwa hana hatia na amri ya malipo.

Nimeyaandika haya ili ujue hujaomba kitu cha ajabu. Ulichokiomba kipo duniani.

MkeWaMarehemu, Kisauni

Dadangu, mimi nitasema yaliyonipata, uchague ya kukufaa.

Mume wangu alifungwa miaka minne, akatolewa na rufani, akashinda kesi ya kushitakiwa kwa nia mbaya. Kutoka hukumu hadi malipo ilikuwa miaka sita na miezi kadhaa. Ile amri ami aliyoitaja ndiyo iliyotoa pesa, maneno mengine yote yalikuwa upepo. Ila mume wangu alifariki miezi minane kabla. Basi mimi nikaanza upya kwa Kadhi kutafuta hati ya usimamizi wa mirathi, kwa sababu jina kwenye cheti ni la mtu ambaye hayupo. Mwaka mwengine ukapita. Naomba Mungu yasikufike, lakini hakikisha vitambulisho vya kakako, cheti cha kuzaliwa cha yule mtoto, na majina yake yote yanalingana herufi kwa herufi. Mume wangu kitambulisho kilimwandika Athman na hukumu ikamwandika Othman. Hati ya kiapo kwa herufi moja.

Pili, zile pesa ziliingia kwenye akaunti ya wakili. Niliarifiwa na mtu mwengine kabisa kwamba zimeingia, wiki tano baadaye. Wakili alipopiga hesabu zake nikapewa kiasi ambacho hakikufika nusu, na karatasi ya mistari mitatu. Nililia pale ofisini kwake, kisha nikafuta machozi nikaenda kuuliza. Kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Niliandika kwa mkono wangu, Kiswahili hiki hiki, wakapokea. Ikaja kujulikana kwamba wakili haruhusiwi kukata tu anavyotaka, lazima bili yake iweze kukaguliwa na mahakama, na makubaliano ya "nisiposhinda hunilipi, nikishinda nachukua sehemu" sheria ya mawakili haiyatambui. Sehemu kubwa ilirudi. Sitamtaja, alirudisha, na Mungu ndiye ajuaye.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Wazee wenu wamekosea. Samahani kusema hivyo kwa wazee wa watu. Mume wangu mwaka wa kwanza nyumbani alikuwa akiniomba ruhusa ya kwenda chooni. Mimi nikamwonea huruma, nikawa namfanyia kila kitu: namnunulia nguo, namjibia simu, nakwenda kwa wakili bila yeye. Nilidhani namsitiri. Siku moja akaniambia, "Wewe ndiye bwana jela mwenye mapenzi." Hakusema kwa hasira. Nilikaa kimya siku nzima. Kesho yake nikampa mkononi faili lote na nauli, akaenda mjini mwenyewe, akapotea, akarudi magharibi, akiwa na nakala aliyoitaka. Tangu siku hiyo alianza kufungua mlango.

Mfungulie akaunti yake. Jina lake peke yake. Akikuomba ushauri mpe.

KaraniMstaafu

Mama wa Kisauni amesema kweli, na kuhusu akaunti naongeza kitu. Kifungu cha 21(3) cha ile Sheria ya Mashauri ya Serikali kinasema ofisa atamlipa mwenye haki "au wakili wake". Kwa hiyo si lazima zipite kwa wakili. Kakako anaweza kuandika barua, akaisaini, akaambatisha maelezo ya benki yake, akaipeleka pamoja na cheti, nakala kwa wakili. Wakili ana haki ya malipo yake ya halali, asidhulumiwe, lakini ayadai kwa bili inayosomeka. Mkitaka kumbadilisha, jueni kwamba baada ya hukumu hamwezi kumwacha hivi hivi: ama akubali kwa maandishi, ama mahakama itoe ruhusa.

Sasa lile la bili, mwanangu. Bili ya gharama ni orodha ya gharama za kesi, Naibu Msajili huikagua akaamua kiasi cha kulipwa, ndiko kukadiriwa. Sheria inasema kama hukumu ina gharama za kukadiriwa, cheti hakiombwi kabla hazijakadiriwa. Nimeona faili za watu zimelala miaka kwa sababu bili ilipelekwa, tarehe ikakosa kuchukuliwa, basi. Serikali haidaiwi, kwa kuwa kisheria haijaletewa kitu. Nenda kaangalie. Nenda na kakako, mguu wake uingie pale kabla ya wako.

Na lile daftari usilipoteze. Kama wakili ataleta bili ya madai yake, kila shilingi uliyoandika humo itasimama mbele yake.

MamaMbaazi wa Likoni

Wanajukwaa, nimerudi. Nimechelewa kwa sababu nilitaka nirudi na kitu.

Jumanne tulikwenda. Nilimwachia jirani kibanda. Kwenye feri kakangu alisimama pale mbele kabisa, penye mnyororo, hakuzungumza hadi tukashuka. Nilimwuliza kama anataka nizungumze mimi, akasema hapana. Masjala kulikuwa na foleni, kijana wa dirishani akauliza, "Nani mwenye kesi?" Kakangu akasema, "Mimi." Akatoa kitambulisho. Nambari ya kesi anaijua kwa kichwa, sikujua kwamba anaijua kwa kichwa.

Faili likaja, limefungwa uzi. Tukakaa kwenye benchi tukalisoma, yeye akigeuza, mimi nikiandika. Ami, ni vile vile ulivyosema. Bili ya gharama ipo, imepigwa muhuri Septemba 2022. Tarehe ya kukadiriwa haikuchukuliwa. Ukurasa unaofuata ni mtupu. Cheti hakijapata kuombwa. Hakuna kilichokwenda Nairobi. Miaka mitatu tumeilaani wizara kwa deni ambalo hakuna aliyeipelekea. Mamangu alikuwa akisikiza bajeti ya Juni kwenye redio akiwa amekaa juu ya mkeka, sauti ameitia juu kabisa, kana kwamba atasikia jina la mwanawe likisomwa pale.

Nilitaka kupiga kelele pale pale. Kakangu akanishika mkono akaniambia, "Andika tarehe."

Tulikwenda kwa wakili siku ile ile. Hatukugombana. Kakangu aliweka nakala mezani, akamwuliza aliyoyaandika ami: cheti kina tarehe gani. Yule bwana alitazama sana karatasi zake. Mwishowe akasema karani wake aliyekuwa akishughulikia aliacha kazi, na yeye alidhani lilikwishafanywa. Kama ni kweli sijui. Alituomba radhi. Kakangu akakubali radhi, kisha akamwambia anataka mambo mawili kwa maandishi: bili ipelekwe kukadiriwa, na mahakama iombwe itoe cheti cha zile Sh4.5 milioni peke yake bila kungoja gharama. Hilo la kutenganisha cheti tulielezwa na binti mmoja wa msaada wa kisheria tuliyemkuta pale nje ya korti, akatuonyesha kwenye simu yake kwamba kifungu kile kile cha 21 kinaruhusu jaji akielekeza hivyo. Sikujua, na ami ukiona nimekosea nisahihishe.

Mzaliwa wa Kibokoni, maneno yako niliyasoma kwa sauti nyumbani. Kakangu aliniomba nirudie pale pa watu wanne wanaotazama wanaogawa. Akaniuliza, hapa kwetu waliopewa fidia wakakaa kama yeye ni wangapi? Waliokuwa nao gerezani anawajua watatu walioshinda kesi baada ya kutoka. Tangu juzi anawatafuta kwa simu, mmoja yuko Malindi, mmoja Voi. Anataka kuwauliza swali moja tu: cheti kina tarehe gani. Nimempa kurasa za nyuma za daftari langu, ndimo anamoandika.

Wazee nimewapelekea habari. Nimewaambia akaunti itakuwa yake. Mmoja amekasirika, wawili wamenyamaza, na ami yetu mkubwa akasema ni sawa. Mama wa Kisauni, nilikuwa naogopa kusema lile neno, wewe ndiye uliyenipa kinywa. Mungu amrehemu mumeo.

Naibu Msajili ametupa tarehe 14 Oktoba, saa tatu za asubuhi. Kakangu amesema atakwenda peke yake, niache kufunga kibanda. Nimemtolea lile shati la buluu.